Chumba cha Mama Chini ya Mkorosho

Juzi vijana wa mabomba ya maji walichimba mtaro mbele ya nyumba yangu hapa Ufukoni. Walikata mzizi wa mwarobaini wangu bila hata hodi, nikatoka nimejifunga kanga kiunoni, tayari kugombana. Sikugombana. Nilipofika ukingoni mwa ule mtaro nilipokewa na harufu ya udongo wa chini, ule ambao haujawahi kuona jua, wenye ubaridi na mizizi iliyokatwa sasa hivi, na maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakaniishia mdomoni. Kijana mmoja akaacha sururu akaniuliza, "Mama, vipi, hujisikii vizuri?" Nikamwambia ni vumbi. Vumbi gani, na udongo wenyewe ulikuwa na unyevu.

Wenzangu wa rika langu mliokulia kandokando ya Ruvuma mtanielewa upesi kuliko wanangu. Wanangu nikiwaambia tulikulia vitani wananitazama kama mtu aliyeota. Vita si ilikuwa ng'ambo, mama? Ndiyo, ilikuwa ya ng'ambo, Mreno akipigana na wenye nchi yao, lakini mabomu yalikuwa yakivuka mto bila pasi ya kusafiria.

Mimi nilizaliwa mjini. Mama alipanga chumba kimoja, akauza vitumbua, na usiku tulilala kitanda kimoja cha kamba, yeye kwa ubavu wa kulia ananielekea, mkono mmoja chini ya shavu. Baba alikwenda kukata mkonge Tanga nikiwa bado natambaa, na mkonge ukamfaa, maana hakurudi. Mama alipougua, kaka yake alikuja kumchukua akamrudisha kwao, kijiji kidogo mbele ya Mahurunga ukielekea mtoni. Na mimi nikafuatana nao. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mama alipofariki hakuna aliyeuliza nitakaa na nani. Nilikuwa tayari nimefika.

Wanawake na watoto wa kike hatuendi makaburini. Jeneza lilitoka mlangoni, sauti za wanaume zikaondoka nalo, na mimi nikabaki ndani katikati ya magoti ya akina mama, nimefunikwa kanga ya mtu nisiyemjua. Nilitaka kumuaga mama. Hilo tu. Lakini mlango ulikuwa umejaa watu wazima, na kila nilipojaribu kusimama mkono fulani ulinikalisha, mkono wa huruma kabisa, na ulinikalisha vilevile.

Baada ya matanga nilimuuliza mke wa mjomba, Bi Zainabu, wamemweka wapi. Alikuwa mwanamke mpole, hakutaka nifikirie mama yangu amemwagiwa udongo usoni, akanieleza kwa utaratibu. "Hawamfukii hivihivi, mwanangu. Wakishachimba chini wanachimba tena pembeni, panaitwa mwanandani. Ndimo anamolazwa, kwa ubavu wa kulia, wanaziba kwa mbao. Udongo haumgusi."

Mimi nikaelewa nilivyoweza. Nilielewa kwamba mama amepata chumba. Kiko chini, kina ukuta wa mbao, na humo amelala kama tulivyokuwa tukilala, kwa ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, ameelekea mahali ambapo ningekuwa mimi. Kilichonishangaza ni kwamba mama alikuwa amekwenda kulala bila mimi, naye alijua kuwa siwezi kulala peke yangu.

Mjomba Mfaume ndiye aliyekuwa mchimba kaburi wa kijiji. Alikuwa mrefu, mchache wa maneno kiasi kwamba ukimwamkia asubuhi unaweza kupata jibu lako karibu na adhuhuri. Hakuwa mkali. Alikuwa tu na kazi ambayo haihitaji mazungumzo. Watoto wa kijiji nao hawakunitaka sana. Walisema Kimakonde haraka haraka, mimi nikiwa na Kiswahili changu cha mjini, na nilipojaribu kusema walicheka mpaka wakakaa chini. Rashidi, mtoto wa mjomba, alikuwa akinitetea tukiwa nyumbani na kunikana tukifika kisimani. Simlaumu, kila mtu ana soko lake. Mchana watu walikwenda mashambani na mimi nilibaki uani na kuku, nikisikiliza mizinga ya ng'ambo, iliyokuwa ikisikika kama mtu anatwanga makopa ya muhogo kijiji cha pili.

Kisha ndege za Mreno zikaanza kupita juu yetu. Bomu moja likaanguka kwenye majaluba ya mpunga kule bondeni, likaua mbuzi wa watu. Ndipo askari wetu walipokuja wakaamuru kila kaya ichimbe handaki. Walionyesha kwa fimbo: refu, limenyooka, kina cha mtu mzima kifuani. Lakini askari wale walitoka bara, na udongo wetu hawakuujua. Ule ni mchanga mtupu. Majirani walichimba asubuhi na jioni kuta zilikuwa zimelala chini, na handaki la Bi Hadija, jirani yetu wa karibu, lilibomoka akiwa amekwenda tu kunywa maji. Ikawa ndege ikija watu wanakimbilia kwenye mihogo na kujikunyata humo, kana kwamba jani la muhogo linazuia chuma.

Mjomba hakuchimba siku ile wala iliyofuata. Alizunguka zunguka uani akipiga ardhi kwa kisigino, akafika chini ya mkorosho mkubwa nyuma ya jiko, akapiga, akasikiliza, akarudi ndani kuchukua jembe. Alichimba shimo la kawaida kwanza. Alipofika chini hakuendelea kulirefusha. Aligeuka akaanza kuchimba pembeni, kuelekea shina la mkorosho, akaingia chini ya mizizi. Mizizi ile ilikuwa imeshikana huko juu kama vidole, na mchanga hauanguki mahali ulipofumbatwa. Alipata shubaka pana, refu kuliko ambavyo ungedhani ukisimama uani, ambalo dari yake ni ardhi isiyoguswa. Kisha akapasua mtumbwi wake wa zamani, akasimamisha mbao zake mdomoni mwa lile shubaka kuwa ngao, akaacha pengo la mtu kupenya. Bomu likianguka nje, vyuma vingepita juu au vingegonga zile mbao. Hakufundishwa na mtu. Alitumia alichokuwa anakijua, na alichokuwa anakijua kilikuwa kimoja tu.

Watu waliokuja kutazama walisimama pale ukingoni, halafu wakarudi nyuma.

"Nfaume," alisema Bi Hadija, "umetuchimbia kaburi tungali tunakula?"

"Ni handaki," mjomba akasema.

"Handaki gani lina mwanandani? Na mbao umeziba! Na upande wa kibla kabisa!"

Ilikuwa kweli, shubaka lilikuwa upande wa kibla. Mkorosho ndio ulioota upande huo. Lakini jaribu kuwaeleza hivyo watu ambao wanajua kwamba kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, kwamba likilala tupu litaita mtu wa kulijaza. Walimwita Ausi, mtani wa ukoo wetu. Mnajua watani wa siku zile. Msiba ukitokea, Ausi ndiye aliyekuwa akiruka ndani ya kaburi kabla ya maiti, analala, anakoroma, hatoki mpaka apewe cha kumtoa. Wanaume wakasema, haya, mtani, ingia utuondolee mkosi. Ausi akachungulia, akajikuna kichwa.

"Mimi nalalia makaburi yenye wenyewe," alisema. "Hili halina mwenyewe bado. Nikilala litasema ndiye huyu. Hapana njomba, hapana."

Watu wakacheka, lakini walicheka wakiondoka. Siku zilizofuata wakawa wanazunguka kwa mbali kupita uani kwetu. Bi Zainabu alisema yeye na wanawe hawataingia humo wakiwa hai, akapika kwa wiki nzima bila kumsemesha mumewe, jambo ambalo sidhani kama mjomba alilitambua upesi. Ndege ikapita tena, wote wakakimbilia mihogoni, mjomba akabaki amesimama peke yake kando ya shimo lake, anatuita kwa mkono. Namkumbuka vizuri alivyosimama. Alikuwa amechimbia watu wa kijiji kile wote waliokufa, na hakuna aliyemtaka achimbie walio hai.

Mimi nilikuwa nimeyasikia maneno yale yote. Kaburi. Mwanandani. Mbao. Na hayakunitisha hata kidogo. Mjomba ndiye aliyempeleka mama kwenye chumba chake, makaburi yalikuwa hapo tu nyuma ya shamba la mbaazi, na sasa mjomba huyohuyo alikuwa amechimba pembeni kuelekea upande ule. Nilijua amefanya nini. Alikuwa amemfungulia mama mlango, ila hakutaka kuwaambia watu.

Alasiri, watu walipokuwa mashambani, nilishuka. Nilipenya kwenye lile pengo la mbao nikaingia mpaka mwisho, mahali penye giza na ubaridi na ile harufu. Nikalala kwa ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, nikakaribia ukuta nilioamini nyuma yake yuko mama. Nikamwamkia. Nikamweleza habari za Rashidi, za kisimani, za kuku aliyeatamia mayai ya mwenzake. Sikumuaga, maana sasa kulikuwa na haja gani ya kuagana? Nilimwachia kipande cha muhogo wa kuchemsha chini ya ukuta, na kesho yake hakikuwepo. Leo najua sisimizi wa mkorosho hawana adabu. Siku ile nilifurahi mno, nikawa namletea kila siku, nikijinyima. Ndizo siku pekee za mwaka ule ambazo naweza kusema sikuwa mpweke.

Rashidi ndiye aliyeiona miguu yangu. Alikuwa ametoroka shambani kuja kuiba sukari, akachungulia shimoni, akaona nyayo mbili zimelala. Alipiga ukelele uliowatoa watu mbaazini: "Somoe amekufa! Kaburi limemchukua Somoe!"

Nilitoka nikiwa na mchanga kichwani na hasira tele, maana nilikuwa nimekatizwa katikati ya hadithi. Uani kulikuwa kumejaa. Bi Zainabu alinikamata akanipapasa kila mahali kama anayetafuta kilichopungua. Mjomba alipita katikati ya watu akachuchumaa mbele yangu. Sijui kama aliwahi kunitazama usoni kabla ya hapo.

"Kukoje humo?" akaniuliza.

"Kuna baridi nzuri," nikasema. "Mtu unaweza kulala."

Ausi akawa wa kwanza kucheka. "Haya, mmesikia. Kaburi gani linameza ntoto halafu linamtema na usingizi wake? Hilo ni handaki, jamani." Lakini hata yeye hakuingia.

Walioingia walikuwa watoto. Kwanza Rashidi, kwa kuogopa kuitwa mwoga, kisha wengine, na baada ya siku chache shubaka la mjomba lilikuwa uwanja wa michezo. Wale wale walionicheka kisimani sasa walinitaka niwatangulie, wakaniita jasiri, na huko ndiko nilikojifunza Kimakonde changu chote. Mngedhani nilifurahi. Nilikuwa nawachukia. Walikuwa wamejaa chumbani kwa mama, wanapiga kelele, wanakanyaga muhogo wake, na mimi sikuwa tena na saa ya kuzungumza naye.

Ndege ilikuja wakati wa mabibo, asubuhi, watu wengi wakiwa uani na chini ya mikorosho wakiokota. Ilikuja chini sana safari hii, tuliona kivuli chake kikipita juu ya paa. Wakubwa wakakimbilia mihogoni kama kawaida yao. Watoto hawakukimbilia mihogoni. Walikimbilia walikozoea kucheza, wakajitosa shimoni mmoja baada ya mwingine. Na akina mama, ambao wasingeingia kaburini kwa amri ya askari wala kwa kubembelezwa na mume, waligeuka katikati ya mihogo wakawafuata watoto wao. Bi Hadija aliingia akimlaani mjomba. Bi Zainabu aliingia amembeba mtoto mgongoni na mwingine kwapani. Wanaume wakawafuata wake zao, Ausi akisema shahada kwa sauti. Mjomba aliingia wa mwisho, akajibana nyuma ya zile mbao, mgongo wake ukaziba pengo.

Mimi nilikuwa nimesukumwa mpaka mwisho kabisa, uso ukutani. Bomu la kwanza lilipoanguka sikulisikia kwa masikio, nililisikia kwa meno. Mchanga ukamiminika shingoni. Watu walikuwa wakilia, wakisoma, wakinibana mpaka nikakosa pumzi, na nilichowaza ni kwamba hapa hapatoshi.

"Mama," nikasema ukutani, "sogea kidogo. Tumekuja wengi."

Nikangoja. Nikausukuma ukuta kwa mikono miwili. Nikakwangua. Ulikuwa udongo, na nyuma ya udongo kulikuwa na udongo, na mzizi, na udongo. Mama, aliyekuwa akiamka nikikohoa tu, hakusogea. Hapo ndipo nilipojua, nikiwa nimebanwa na kijiji kizima, kwamba hayupo. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa mle ndani.

Dari ya mizizi haikuanguka. Tulitoka mmoja mmoja, weupe kwa vumbi, tukakuta nyumba ya mjomba haina paa na mahali pa mihogo walipokuwa wakijificha pamekuwa shimo lenye moshi. Kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja. Bi Hadija aliushika mkono wa mjomba, ule wa makaburi ambao watu walikuwa wakikwepa kuushika, akaubusu. Na wengine wakanigeukia mimi, kwamba ni huyu, ni huyu mtoto wa mjini aliyetutangulia, moyo wake ni wa simba. Mimi nililia mpaka nikatapika. Wakasema ni woga, umechelewa kumfikia.

Bi Zainabu alikuwa karibu yangu mle ndani, naye alikuwa amenisikia. Alimnong'oneza mumewe. Mjomba alikuja akakaa kando yangu kwenye gogo, akakaa sana, nikadhani ndiyo mazungumzo yenyewe.

"Mama yako hayumo humo, mpwa wangu," akasema mwishowe. "Nilimweka kule kwingine. Nilimweka vizuri, kwa mikono yangu."

"Mbona hukuniita?"

Alifungua mdomo. Najua alichotaka kusema, ndicho ambacho mtu yeyote angesema, kwamba watoto wa kike hawaitwi. Hakukisema. Alitazama mikono yake, akainuka, akaenda kutafuta makuti ya paa.

Baada ya hapo hapakuwa na kaya ambayo haikuchimba kama mjomba, chini ya mkorosho, pembeni, na mbao mdomoni. Wale askari walirudi, wakapima kwa fimbo zao, wakatikisa vichwa, na nasikia wakaenda kuwaonyesha watu wa kijiji cha Kitaya. Mjomba hakupewa cheti wala kanga. Alipata jina tu, na watu wakaanza kumwamkia kwanza. Na mimi nilikuwa na marafiki wengi, nikicheza nao mchana kutwa, na jioni nikikaa mlangoni bila kutaka kuingia ndani kulala.

Vita ilipokwisha ng'ambo, mashimo yakawa hatari, mbuzi wakivunjika miguu, na wenye nyumba wakaanza kuyafukia. La kwetu mjomba alilichelewesha. Asubuhi moja alimtuma Rashidi aniite nyuma ya jiko. Alikuwa ameng'oa mbao, jembe liko begani, shimo liko wazi mpaka ndani ya shubaka. Nilidhani ananiita kumsaidia kazi.

"Shuka," akaniambia, "useme uliyokuwa unataka kusema siku ile ya maziko. Mimi nasubiri."

Nilishuka. Nilikuwa mkubwa kidogo sasa, nilijua kabisa kwamba nyuma ya ule ukuta hakuna mtu. Nilisema hata hivyo. Halikuwa neno refu. Nilipopanda juu mjomba alikuwa ameachia jembe, amekunja mikono mbele kama wanavyosimama wanaume makaburini, na Rashidi kando yake amesimama hivyohivyo bila kuelewa. Akachota udongo akanitilia viganjani, nikaurusha. Akanitilia tena. Kisha akashika jembe, lakini hakufukia. Alinitazama, akangoja, kama anavyongojwa mwenye maiti.

"Mfiwa," akasema, "tufukie?"

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita hivyo.

"Fukia, njomba," nikasema.